Mji Usio na Jina: Michoro ya Kuta na Hadhira Yake

Sanaa ya mitaani haina bahati katika idara zetu za fasihi. Mwanafunzi hufunzwa kuainisha ngano, visasili, vitendawili na nyimbo za kazi upande mmoja. Riwaya, tamthilia na diwani upande wa pili. Ila mchoro uliojaa ukuta mzima wa soko, wenye picha, maneno na hadhira inayoupita asubuhi na jioni, hauna kapu la kutiwa. Si simulizi, maana hautamkwi. Si andishi, maana hauna jalada. Basi tunaupita kama wapitavyo wengine. Makala haya yanakusudia kutetea hoja moja: kwamba mchoro wa ukutani ni matini ya umma, na kwamba matini hiyo huishi au hufa kwa kutegemea iwapo mkaazi wa mtaa ule anaweza kuisoma na kuiita yake.

Hoja hii si ya kubuni. Tazama Meksiko. Mapinduzi yaliyozuka huko mwaka 1910 yaliiacha nchi ikiwa na raia wengi wasiojua kusoma. José Vasconcelos, aliyekuwa waziri wa elimu kati ya 1921 na 1924, aliwapa wasanii kuta za majengo ya umma ili wazichore historia ya taifa. Miongoni mwao walikuwamo Diego Rivera, José Clemente Orozco na David Alfaro Siqueiros. Kati ya 1923 na 1928 Rivera alizichora kuta za jengo la wizara yenyewe katika jiji kuu. Linalotuhusu sisi wanafasihi ni kwamba katika orofa ya juu alitandaza utepe mwekundu juu ya picha zake, akauandika beti za corrido, yaani utungo wa kimasimulizi ambao watu wa kawaida wa Meksiko huimba kwa gitaa. Hakwenda kuazima utenzi wa Ulaya. Alichukua utungo ambao mkulima aliusikia sokoni, akaupandisha ukutani. Aliyejua kusoma angeweza kumsomea asiyejua, na wote wawili walikuwa na mazoea na tungo za aina hiyo.

Waama, mfano wa karibu zaidi nasi ni wa Dakar. Senegali ilitikiswa na ghasia baada ya uchaguzi wa 1988, na mwaka huo masomo yakavurugika kabisa. Kufikia 1990 vijana waliokuwa wamekata tamaa waliingia mitaani kwa namna nyingine: wakazoa taka, wakazibua mitaro, kisha wakazipamba kuta kwa picha za mashujaa na viongozi wa dini, na kwa mafunzo ya usafi. Vuguvugu hilo liliitwa Set Setal, maneno ya Kiwolofu yenye maana ya kuwa safi na kusafisha. Lugha rasmi ya Senegali ni Kifaransa, lakini vijana hawakuliita vuguvugu lao kwa Kifaransa. Picha iliyoenea mno katika kuta za jiji hilo ni ya Sheikh Amadou Bamba, iliyonakiliwa kutoka kwa picha moja tu ya kamera ijulikanayo, iliyopigwa mwaka 1913: amevaa kanzu nyeupe, uso umefunikwa nusu na kilemba. Mpita njia wa Dakar hahitaji kuandikiwa jina chini yake. Anamjua.

Nao mchoro unaojulikana na wenyeji hupata walinzi. Katika jiji la San Diego, Marekani, mtaa wa watu wenye asili ya Meksiko ulipasuliwa na barabara kuu, kisha mwaka 1969 likafunguliwa daraja kubwa ambalo nguzo zake zilisimama juu ya makaazi yao. Wenyeji walikuwa wameahidiwa bustani. Tarehe 22 Aprili 1970 walipogundua kuwa mahali pale panajengwa kituo cha polisi wa barabara kuu, walipaingia wakapakalia hadi serikali ikasalimu amri. Tangu 1973 nguzo zile za saruji zimechorwa historia yao, kwa picha zao na kwa maneno yao ya Kihispania. Mahali hapo huitwa Chicano Park, na mwaka 2016 palitangazwa kuwa turathi ya kihistoria ya taifa. Aliyezilinda nguzo zile miaka yote hiyo si askari wa makumbusho, bali ni jirani.

Yamkini msomaji atauliza: je, ukuta unaozungumza na watu wake tu hauwezi kuwagawanya watu? Swali hili ni la haki, na jibu lake liko Belfast, Ireland ya Kaskazini. Huko, Waprotestanti walianza kuchora picha za Mfalme William mapema karne ya 20, na baada ya mgomo wa njaa wa wafungwa mwaka 1981 Wakatoliki nao wakazijaza kuta zao picha za wafu wao, nyingine zikiwa na maandishi ya Kiairishi. Mgeni aliingia mtaani akajua papo hapo yuko kwa nani. Hata baada ya mkataba wa amani wa 1998 michoro mingi ya aina hiyo imebaki. Kwa hiyo nakiri kwamba lugha ya wenyeji ukutani ni makali ya kisu: hukata mkate na huweza kukata mkono. Lakini hapo ndipo Kiswahili kinapopata hoja ambayo lugha nyingi hazina. Nchini Kenya, ukuta wa Nairobi ukiandikwa kwa Kiswahili hauwi wa kabila lolote. Unamwita kila apitaye.

Sasa tujiangalie wenyewe. Pwani yetu ilikwisha kulitatua jambo hili zamani, si ukutani bali kwenye nguo. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina. Pindo huzunguka, mji hukaa katikati na mapambo yake, na jina ni ule usemi ulioandikwa chini ya mji. Mwanamke wa Mombasa au Lamu aendapo dukani huyatazama mapambo, lakini huuliza pia leso inasemaje. Maana akijifunga, maneno yale yatakuwa yake, na jirani atayasoma. Picha na neno vimefumwa pamoja, na mwenye kuvaa ndiye msemaji. Mchoro wa ukuta wenye maneno ambayo mtaa hauyamiliki ni mji usio na jina.

Kuta za Nairobi nyingi ziko katika hali hiyo. Mapema mwaka 2012, kundi la wasanii wakiongozwa na mwanaharakati Boniface Mwangi lilichora katikati ya jiji mwanasiasa mwenye kichwa cha tumbusi, ndege mla mizoga. Picha ilikuwa kali, ikazungumziwa kote. Maelezo yake marefu lakini yaliandikwa kwa Kiingereza. Linalofurahisha ni kwamba neno lililobakia vinywani lilikuwa "mavulture", nomino ya Kiingereza iliyovishwa kiambishi chetu cha wingi. Hadhira ilikuwa ikiivuta picha ile kuelekea kwenye lugha yake. Vivyo hivyo, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, msanii ajulikanaye kama Solo 7 alizunguka Kibera akiandika miito ya amani kwenye kuta na milango, mingi kwa maneno mepesi ya Kiingereza. Ilieleweka, na heshima yake haipungui. Hata hivyo, mwito wa maneno mawili matatu ni jambo moja. Kumweleza mtu kisa, kumwonya, kumtania na kumliwaza ni jambo jingine, na hayo huhitaji lugha anayoiota.

Mwaka jana nilimwuliza mama mmoja muuza mboga, mashariki ya Nairobi, ukuta ulio nyuma ya kibanda chake unasema nini. Ulikuwa umechorwa watoto wakinawa mikono, na mistari minne ya Kiingereza kuhusu afya, na nembo ya shirika lililofadhili. Alikaa mbele yake mwaka wa pili. "Mwanangu," akanijibu, "hayo ni ya wenyewe." Sijasikia uhakiki wa matini uliokuwa mfupi na sahihi kuliko huo. Wenyewe ni nani? Ni mfadhili atakayepigiwa picha ukuta ule, autie katika ripoti yake. Ukuta uko sokoni, ila msomaji wake yuko ofisini. Siku utakapopakwa rangi ya tangazo la biashara, mama yule hatapiga kelele, na hatuna haki ya kumlaumu.

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza ni lugha rasmi. Ni kweli, lakini Katiba ya 2010 iliifanya lugha ya Kiswahili kuwa rasmi pia, juu ya kuwa lugha ya taifa. Wapo watakaosema kwamba Kiswahili sanifu ni kigumu kwa vijana wa mitaa. Basi kiandikwe Kiswahili cha mitaa hiyo! Sidai ukuta wa Mathare uandikwe kama tasnifu. Nadai kwamba anayeupita aweze kuujibu.

Sisi wanachama wa vyama vya Kiswahili vyuoni tuna kazi tatu zilizo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, tujitolee kuwaandikia wachoraji na mashirika maneno ya Kiswahili bila malipo. Mwanafunzi anayetunga tarbia hawezi kushindwa na mistari miwili ya ukuta. Pili, kabla ya kuyaandika, tuwaulize wakaazi wangependa ukuta wao useme nini, kama anunuaye leso aulizavyo. Tatu, tuiweke michoro iliyopo kwenye kumbukumbu: picha, mahali, tarehe, maneno yote, na aliyosema jirani yake. Watangulizi wetu walikusanya ngano kwa kalamu na kinasa sauti kabla wazee hawajaondoka nazo. Mvua na brashi ya rangi zina haraka zaidi ya uzee.

Mtihani wa mchoro ni mwepesi, na hauhitaji nadharia yoyote ya Ulaya. Mwulize anayeuza mbele yake unasema nini. Akikusimulia, hiyo ni fasihi, nasi tuifundishe. Akikwambia ni ya wenyewe, kazi yetu haijaanza.