Mawe ya Marakwet Yataka Mikono

Mtu akitoka Eldoret akaipita Iten, ardhi hukatika ghafla, na Bonde la Kerio likaonekana chini sana, zaidi ya mita 1,000. Katika magenge hayo Wamarakwet wamechonga mifereji ya kuteremsha maji mashambani tangu karne nyingi. Penye mwamba mtupu, mfereji hushikiliwa na ukuta wa mawe, magogo, matawi na udongo. Mwenye kuutunza hana njia nyingine ila kupita papo hapo.

Ukuta huo hausimami kwa nguvu ya mawe pekee. Kila ukoo una zamu yake ya maji na wajibu wake wa kukarabati. Mvua ikibomoa, wanaume huitwa na mawe hupangwa upya.

Maporomoko ya Chesongoch ya Novemba 2025, yaliyoua watu wengi, yametukumbusha kwamba mlima haulali. Nao vijana wengi wamehamia mjini kutafuta mshahara. Je, nani atayapanga mawe kesho? Fedha za umma zikipatikana, na zimlipe kwanza kijana ajifunze kwa mzee. Saruji itanunuliwa baadaye.