Kuandika si kazi ya mwalimu wa lugha peke yake

Hadi KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, ilipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, mtahiniwa aliandika sentensi zake mwenyewe mara mbili tu: insha ya Kiswahili na insha ya Kiingereza, dakika 40 kila moja. Kwingine kote, kuanzia Hisabati na Sayansi hadi Somo la Jamii na Dini, alichora vistari kwenye visanduku. Shule nazo zilifundisha kilichotahiniwa. Uandishi ukawa mali ya mwalimu wa lugha, na hata kwake ukageuka wa kukariri: watoto wa kaunti zote walirauka alfajiri ile ile, wakatimua mbio zile zile za kuokoa roho, wakafunga kwa methali ile ile. Msamiati ulikuwa mtamu. Mawazo yalikuwa ya kitabu cha mwongozo.

Mtaala wa umilisi, CBC, uliahidi mwanafunzi anayejieleza. Gredi ya 4 hadi ya 6 ndipo ahadi hiyo ingeonekana, maana ndipo masomo yanapoacha kutaja majina na kuanza kudai sababu. Lakini funua daftari la Sayansi: nakala kutoka ubaoni, mapengo ya kujaza, mchoro wenye mishale. Tunasema mwalimu wa kila somo katika gredi hizi amdai mwanafunzi aya yake mwenyewe, angalau moja kwa wiki.

Hata Hisabati, na wanaocheka waendelee kusoma. Mtoto amejumlisha nusu na robo, akapata 2/6. Amekosa, basi. Akiambiwa aandike kwa sentensi tatu alivyofika hapo, ataeleza kwamba alijumlisha namba za juu, kisha za chini. Sasa mwalimu anajua cha kufundisha. Na huenda mtoto mwenyewe, akigundua kwamba jibu lake ni dogo kuliko nusu aliyoanza nayo, akashtuka kabla ya kalamu nyekundu kumfikia. Kisanduku hakifichui lolote kati ya hayo.

Katika Sayansi aandike maharagwe yaliyooteshwa dirishani yametofautianaje na ya kabatini, na anadhani ni kwa nini. Katika Somo la Jamii amhoji mzee wa mtaani kuhusu soko la zamani, aandike aliyoambiwa. Kwa kazi kama hizo, mzazi naye apumzike kutumwa saiba kuchapisha picha za rangi za kazi ya nyumbani.

Kuna kizingiti cha lugha kisichosemwa vya kutosha. Sera inataka mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake hadi Gredi ya 3, kisha Kiingereza kishike usukani kuanzia ya 4. Yaani anabadilishiwa lugha wakati ule ule anapoanza kudaiwa maelezo. Wengi hunyamaza wazo likiwa kichwani. Wajadiliane kwa Kiswahili, hata rasimu ya kwanza iwe ya Kiswahili, ndipo waiandike upya kwa Kiingereza. Wapo walimu wanaofanya hivyo kimyakimya, kana kwamba ni kosa. Wasifiche.

Nani atasahihisha madaftari sitini? Swali la haki. Lakini hayalazimiki kusahihishwa yote siku moja, wala kila kosa kuzungushiwa duara. Mwalimu achukue kumi leo na kumi kesho. Atazame kama sababu imetolewa na inaeleweka, tahajia amwachie mwenzake wa lugha.

Hata hivyo, tunazijua shule zetu: zitafuata mtihani. Kwa hiyo Baraza la Mitihani, KNEC, liweke katika karatasi ya Sayansi ya KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6, swali moja la kujibiwa kwa aya, lisahihishwe na mwalimu badala ya mashine. Itagharimu pesa na muda, lakini insha za KCPE zilisahihishwa hivyo kila mwaka na matokeo yakatoka. Tangazo likitolewa Januari, madaftari ya Sayansi yatakuwa na sura nyingine kabla ya likizo ya Aprili.