Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza wa Kiswahili na Haja ya Ushirikiano baina ya Vyuo Vikuu

Aghalabu mjadala kuhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki huishia kwenye mambo ya utawala: vitanda havitoshi, fedha za mkopo zimechelewa, foleni ya usajili ni ndefu. Mambo haya ni mazito, na mwanafunzi aliyelala sakafuni kwa wiki mbili kabla ya kupata chumba hawezi kuambiwa kwamba shida yake ni ya pembeni. Hata hivyo, ipo shida nyingine isiyoonekana kwenye foleni, ambayo wanataaluma wenyewe ndio walioisababisha. Ni shida ya mwanafunzi anayefika chuoni na maarifa halali aliyoyapata sekondari, kisha akakuta kwamba maarifa hayo hayatambuliwi darasani, wala haelezwi kwa nini. Makala haya yanaiangalia shida hiyo katika idara za Kiswahili, na yanatetea hoja kwamba hakuna chuo kinachoweza kuitatua peke yake.

Mfano ulio wazi zaidi ni ngeli za nomino. Mwanafunzi aliyesoma sekondari nchini Kenya amefundishwa kuainisha nomino kwa kigezo cha upatanisho wa kisarufi: A-WA, U-I, LI-YA na kadhalika. Kwake yeye, nomino "kipofu" imo katika ngeli ya A-WA, kwa kuwa husemwa "kipofu amefika, vipofu wamefika". Akijiunga na chuo ambako ngeli hufundishwa kwa kigezo cha maumbo, ataambiwa kwamba nomino hiyo hiyo ni ya KI-VI. Akiingia katika mhadhara wa isimu ya Kibantu, atakuta nambari zilizotokana na kazi za Bleek na Meinhof za karne ya 19, ambamo kiambishi cha "kipofu" ni cha ngeli ya 7 ilhali upatanisho wake ni wa ngeli ya 1. Maelezo yote matatu ni sahihi, kila moja ndani ya misingi yake. Lakini mwanafunzi mwenye wiki tatu chuoni hajui kwamba kuna misingi mitatu. Anachojua ni kwamba aliandika A-WA, jibu lililompatia alama katika mtihani wa taifa, na sasa jibu hilo limepigwa mstari mwekundu.

Anachopoteza hapo si alama mbili tu. Anapoteza imani kwamba lugha anayoizungumza, na ambayo ameisoma kwa miaka zaidi ya kumi, ina mantiki anayoweza kuifuata. Wapo wanaohitimisha kwamba walimu wao wa sekondari walikuwa hawajui kitu. Wapo wanaohitimisha kwamba wao wenyewe ndio wasiojua. Wengine hukariri nambari 1 hadi 18 kwa ajili ya mtihani na kuziacha mlangoni wanapotoka. Na ikumbukwe kwamba wengi miongoni mwao watarudi sekondari wakiwa walimu, watafundisha kama walivyofundishwa kabla ya kufika chuoni, na mwaka wa kwanza wa wanafunzi wao utakuwa kama huo huo wa kwao.

Hali ya istilahi haina nafuu kubwa. Anayesema "tashbihi" na anayesema "tashibiha" wanaelewana baada ya dakika moja. Vivyo hivyo wa "irabu" na wa "vokali". Ugumu huja pale istilahi moja inapobeba dhana mbili, au dhana moja inapogawanywa tofauti, kama ilivyo katika uchambuzi wa shamirisho na yambwa. Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ilikuwa hatua kubwa, lakini kamusi ya istilahi humsaidia yule anayejua tayari kwamba anatafuta istilahi. Mgeni anadhani anatafuta ukweli.

Kwa upande wa Tanzania, kuna mzigo wa ziada. Shule za msingi za serikali zimekuwa zikifundisha kwa Kiswahili tangu miaka ya mwisho ya 1960, na sekondari kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari na baadaye vyuo. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Miaka miwili baadaye, uchunguzi wa Criper na Dodd wa mwaka 1984 ulionyesha kwamba chini ya asilimia 20 ya wanafunzi wa chuo kikuu waliopimwa ndio waliokuwa na kiwango cha kusoma kwa urahisi hata vile vitabu vyepesi vya masomo yao. Tangu hapo vyuo vimeutwika mzigo huo kozi za stadi za mawasiliano, kana kwamba kozi moja ya mwaka wa kwanza inaweza kulipa deni la miaka sita. Mwanafunzi anayechanganya Kiswahili na isimu yumo katika hali ya ajabu zaidi: asubuhi anafundishwa fonimu kwa Kiswahili, mchana anafundishwa fonimu ile ile kwa Kiingereza na mwalimu wa idara nyingine, kwa mifano mingine, na kuoanisha ni kazi yake mwenyewe. Labda ushirikiano wa vyuo usitafutwe Kampala wala Nairobi kabla ya kuulizwa baina ya idara mbili zinazotumia ngazi moja.

Eneo hili si geni kwa ushirikiano. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiliziunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam kuanzia mwaka 1963 hadi 1970. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki limekuwapo tangu 1980, na mwaka 2017 wakuu wa nchi wa Jumuiya walilitangaza eneo zima kuwa eneo moja la elimu ya juu. Juhudi hizi zinastahili heshima. Lakini mtu akizichunguza ataona kwamba kinachosawazishwa zaidi ni mwisho wa safari, yaani shahada na utambuzi wake, na si mwanzo wake. Katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, Mkenya huingia chuo kikuu kutoka kidato cha nne na kusoma miaka minne. Mtanzania na Mganda hupitia kidato cha sita, na shahada ya sanaa kwa kawaida huchukua miaka mitatu. Basi huo "mwaka wa kwanza" si mwaka mmoja. Isitoshe, Kenya ilianza kuuacha mfumo huo mwaka 2017, na wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi wanatazamiwa kugonga milango ya vyuo kabla ya muongo huu kwisha. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Uganda iliamua mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni. Aina za wanafunzi watakaokaa katika mhadhara mmoja zinazidi kuongezeka.

Marekani hutajwa mara nyingi katika mnasaba huu. Chuo Kikuu cha South Carolina kilianzisha kozi maalumu ya mwaka wa kwanza mwaka 1972, baada ya ghasia za wanafunzi za mwaka 1970, na mwaka 1986 kikaunda kituo cha kukusanya na kusambaza maarifa kuhusu mwaka huo kwa vyuo vingine. Kinachofaa kuigwa hapo ni kile kituo, si ile kozi. Kozi ile ilibuniwa kwa ajili ya wanafunzi ambao wengi wao walisomeshwa chuoni kwa lugha ile ile waliyosomeshwa shuleni. Kuihamishia huku kama ilivyo ni kumfundisha mtu kupanga ratiba ya kusoma vitabu asivyoweza kuvisoma.

Kinachohitajika baina ya idara za Kiswahili si kikubwa. Idara nne au tano, za nchi angalau mbili, zaweza kukaa na watunga mitaala wa sekondari na kuandika jedwali la ulinganisho: huku husemwa hivi, kule husemwa vile, na sababu za kinadharia ni hizi. Zaweza pia kutunga zoezi moja la wiki ya kwanza, lisilo na alama, la kumwonyesha mwalimu ni misingi ipi wanafunzi wake wamekuja nayo. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ingefaa kuwa mlezi wa kazi hiyo, na makongamano ya CHAKAMA yangefaa kuwa mahali pa kuikagua.

Watakuwapo watakaopinga kwa kusema kwamba usawazishaji utaua uhuru wa mawazo, kwamba chuo ambacho hakina nadharia yake si chuo. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama jedwali lingeamuru. Jedwali la ulinganisho haliamuru. Linamwambia mwanafunzi mapema kwamba wataalamu wanatofautiana, na hilo ndilo somo la kwanza la uhuru wa mawazo. Wanaomficha tofauti hizo ndio wanaomfundisha kutii.

Kipingamizi cha kweli hakisemwi hadharani. Kupandishwa cheo hutegemea machapisho, na fahari ya mwanataaluma iko kwa wanafunzi wa uzamili na uzamifu. Darasa la mwaka wa kwanza lenye watu mia kadhaa hupewa mhadhiri mdogo kuliko wote, na semina zake hupewa wakufunzi wasaidizi ambao wenyewe wametoka kukaa kwenye viti hivyo miaka miwili iliyopita. Hakuna azimio la Baraza wala la Kamisheni litakaloleta badiliko pale ambapo kazi hii haihesabiwi kuwa kazi. Vyuo vitakavyoshirikiana vingeanza vyema kwa kukubaliana kwamba kitabu cha kiada cha mwaka wa kwanza kilichoandikwa kwa pamoja kina uzito sawa na makala mawili ya jarida.

Wanafunzi wa uzamili nao wana nafasi yao. Kila mwaka hutafutwa mada za tasnifu, na kila mwaka hurudiwa riwaya zile zile na kazi zile zile. Wakati huo huo, katika makabati ya idara, majibu ya mitihani ya mwaka wa kwanza hukaa kwa muda uliowekwa na kanuni, kisha huteketezwa. Ndani yake mna maelfu ya sentensi za vijana wakijaribu kueleza "kipofu" ni wa ngeli gani, na hakuna aliyeomba kuzisoma kabla hazijachomwa.