Kicheko Kina Meno

Kicheko kina meno. Chaweza kuuma ubaya. Chaweza pia kumwuma asiye na kosa.

Katika nchi ya shaba, Mufwankolo ni jina lenye sifa. Ndilo jina la mchezoni la Odilon Kyembe Kaswili wa Lubumbashi, ambaye kundi lake liliigiza kwa Kiswahili cha Katanga, hata katika televisheni. Mwaka 1986, enzi ya Mobutu, walitunga mchezo juu ya msemo kwamba mamlaka huliwa mazima. Humo alionekana sultani wa kijiji ambaye watu wake wamelegea kumtii. Hakuna mkubwa aliyetajwa. Mwenye masikio alisikia.

Lakini iko dhihaka nyingine. Wakasai, ambao wazee wao waliajiriwa migodini na Union Minière, waliitwa bilulu, yaani wadudu. Neno la namna hiyo hupita midomoni kama mzaha. Mwaka 1993 maelfu yao walifukuzwa Kolwezi, wakalala stesheni wakingoja treni ya kwenda Kasai. Wengi walikufa.

Basi, enyi wazazi, watoto wakiigiza uani, waacheni wamwigize mkubwa mwenye majivuno, maana majivuno aliyachagua mwenyewe. Kabila na rangi hakuna aliyejichagulia. Kabla ya kucheka, tuulize: anayechekwa aweza kuliacha jambo hilo? Kama hawezi, mchezo umekwisha, na chuki imeingia.