Darubini ya Bunduki: Kukuza Sana Si Kuona Vizuri

Somanga ni kijiji cha pwani wilayani Kilwa, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi. Upande wa mashariki iko bahari na mikoko yake. Upande wa magharibi nchi huinuka polepole kuelekea vilima vya Matumbi, penye mashamba, vichaka na misitu. Katika mashamba ya namna hiyo, yaliyotapakaa tangu bonde la Rufiji hadi Lindi, mkulima hujenga dungu na kukesha humo msimu wa mavuno ili awafukuze nguruwe mwitu. Lakini nguruwe hao ni windo la simba, na simba huwafuata hadi shambani. Hivyo mtu aliyekwenda kulinda chakula chake huweza yeye mwenyewe kuwa chakula.

Hatari hiyo si hadithi ya kutishia watoto. Uchunguzi uliochapishwa na Craig Packer na wenzake mwaka 2005 ulionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wamewaua watu zaidi ya 563 katika Tanzania na kuwajeruhi wasiopungua 308. Mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno, na yalikuwa mengi mahali ambapo mawindo mengine yamekwisha isipokuwa nguruwe mwitu. Katika Rufiji, kaskazini ya Kilwa, simba mmoja aliwaua watu wapatao 35 kabla ya kuuawa na askari wa wanyamapori mwezi Aprili 2004. Alipochunguzwa alikutwa na jipu kubwa chini ya gego lililopasuka. Uchunguzi mwingine wa Packer na wenzake, wa mwaka 2011, ulibainisha kwamba mashambulizi mengi hutokea kati ya saa 12 jioni na saa 4 kasorobo usiku, hasa siku zinazofuata mwezi mpevu. Sababu yake ni ya kifalaki: baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza kwa kadiri ya dakika 50 kila siku, na saa za kwanza za usiku hubaki gizani.

Simba wa namna hiyo anapoingia kijijini, wananchi humwita Bwana Nyama, naye huja na bunduki. Silaha zote nchini hutawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na linalojadiliwa hapa ni la askari aliyekabidhiwa kazi hiyo kisheria. Swali ni hili: iwapo bunduki yake ni ya nusu-otomatiki, ile ambayo katika taarifa za Tanzania huitwa kwa ufupi SAR, yafaa iwekewe darubini ya aina gani? Mtu asiyezama katika fizikia hujibu haraka kwamba darubini bora ni ile ikuzayo zaidi. Jibu hilo ni kosa, na katika kichaka cha Matumbi wakati wa magharibi kosa hilo laweza kugharimu maisha. Darubini inayofaa ni ile yenye ukuzaji mdogo unaoweza kubadilishwa, yaani inayoanza na mara 1, ambapo kitu huonekana kwa ukubwa wake wa kawaida, na kuishia mara 4 au karibu na hapo.

Hoja ya kwanza ni upana wa eneo linaloonekana. Kila ukuzaji unapoongezeka, eneo hilo hupungua. Darubini ya kawaida ikiwekwa kwenye mara 1 huonyesha upana wa kama mita 33 kwa umbali wa mita 100. Kwenye mara 4, kama mita 9. Na kwenye mara 12, kama mita 3 tu. Sasa mwanafunzi na achukue umbali wa mita 20, ambao katika kichaka ni umbali mkubwa. Kwa kanuni ya pembetatu zinazofanana, kila upana hugawanywa kwa 5. Kwenye mara 12 askari ataona sentimita 60. Mwili wa simba mzima, bila mkia, una urefu wa kadiri ya mita 2. Basi atakachokiona katika kioo ni manyoya, asijue kama ni bega, tumbo au paja. Kwenye mara 1 ataona zaidi ya mita 6: simba, kichaka kilicho kando yake, na pengine mwanakijiji aliyesimama nyuma.

Hoja ya pili ni muda. Simba akimjia mtu huweza kufikia mwendo wa kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kwa sekunde, na mita 30 humalizika kwa zaidi kidogo ya sekunde 2. Faida kubwa ya bunduki ya nusu-otomatiki ni kwamba risasi ya pili iko tayari bila mkono kuondoka mahali pake. Lakini mtutu hurushwa juu kila bunduki inapolia, na kama eneo linaloonekana ni dogo mnyama hutoweka katika kioo. Askari hulazimika kumtafuta upya, na faida yote ya silaha yake hupotea. Kuifunga darubini yenye nguvu nyingi juu ya bunduki ya haraka kwa kazi ya karibu ni kumpa mwanariadha viatu vya chuma. Kwenye mara 1, kinyume chake, askari hulenga akiwa amefungua macho yote mawili, wala mnyama hampotei.

Uzito wa hoja hii huonekana zaidi mtu akiitazama risasi yenyewe. Bunduki ya SKS, iliyobuniwa na Sergei Simonov wa Urusi, hutumia risasi ya kipenyo cha milimita 7.62 yenye uzito wa karibu gramu 8, itokayo kwa mwendo wa mita 735 hivi kwa sekunde. Kwa kanuni ya nusu ya uzito mara mwendo kwa kipeo cha pili, nishati yake ni kama jouli 2,100. Bunduki ya kuwindia ya inchi 0.375 hutoa zaidi ya jouli 5,500. Askari mwenye silaha iliyo dhaifu kwa zaidi ya nusu hana budi kuiweka risasi mahali penyewe hasa. Simba aliyejeruhiwa akaachwa ni hatari kwa kijiji kizima.

Hoja ya tatu ni nuru, na hapa ndipo wengi hukosea. Nuru itokayo nyuma ya darubini hufanya duara dogo, ambalo kipenyo chake hupatikana kwa kugawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Mboni ya jicho la kijana hupanuka gizani hadi kufikia milimita 7 hivi. Ya mtu wa makamo hufika kama milimita 5. Darubini ya lenzi ya milimita 24 ikiwekwa kwenye mara 4 hutoa duara la milimita 6. Darubini kubwa ya lenzi ya milimita 50 kwenye mara 12 hutoa duara la milimita 4.2. Kwa kuwa eneo la duara hufuata kipeo cha pili cha kipenyo chake, kijana atakayetumia ile ndogo atapata picha yenye mwanga mara mbili ya ile kubwa, ingawa ya pili ni nzito na ya gharama zaidi. Ili darubini ya mara 12 itoe duara la milimita 6, lenzi yake ya mbele ingepasa kuwa na milimita 72.

Yako mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza husema kwamba darubini kubwa nayo huweza kupunguzwa. Ni kweli, lakini ile ya mara 3 hadi 12 haishuki chini ya 3, na hapo kwa mita 20 huonyesha upana usiozidi sana urefu wa simba mwenyewe. Mwindaji aketiye akamngoja mnyama kwa umbali wa mita 200 hupata manufaa ya ukuzaji mkubwa. Askari aingiaye kichakani hana manufaa hayo. Pingamizi la pili husema kwamba vilengeo vya chuma vilivyo juu ya mtutu vyatosha. Mchana huenda vikatosha. Lakini jicho haliwezi kuona kwa ukali vitu vitatu vya umbali tofauti kwa mara moja, yaani kilengeo cha nyuma, cha mbele na mnyama. Uwezo huo hupungua zaidi mtu apitapo umri wa miaka 40, na magharibi kilengeo cheusi humezwa na giza. Darubini huuweka msalaba wa kulengea na mnyama katika umbali mmoja machoni.

Baada ya ukuzaji, yafaa kutazama mambo ambayo matangazo ya biashara huyapita upesi. Uso wa kioo kitupu hurudisha karibu asilimia 4 ya nuru inayoufikia. Palipo na nyuso 10, theluthi moja ya nuru hupotea njiani. Ndiyo sababu utando mwembamba wa kupunguza mwako, uliobuniwa na Alexander Smakula katika kiwanda cha Zeiss mwaka 1935, ni jambo la lazima. Tena, hewa ya pwani ina unyevu na chumvi: darubini iwe imezibwa vema na kujazwa naitrojeni kavu, la sivyo ukungu utafanyika ndani ya lenzi. Msalaba wake uwe umechongwa katika kioo, ili betri ya taa ikiisha alama isipotee.

Ufungaji nao una hesabu yake. Katika SKS, kifuniko cha juu huondolewa kila bunduki inaposafishwa. Darubini iliyofungwa juu ya kifuniko hicho haitulii, na shabaha huhama. Ni heri ifungwe ubavuni mwa chuma chenyewe cha bunduki. Hata hivyo, darubini iliyo juu huziba njia ambayo risasi 10 za kibanio huingizwa kwa mkupuo mmoja, na jambo hili askari apaswa kulijua kabla ya kuingia porini. Vilevile, darubini iliyo sentimita 5 juu ya mtutu, ikiwa imerekebishwa kwa mita 50, itapeleka risasi karibu sentimita 4 chini ya msalaba kwa umbali wa mita 10. Mwisho, kidole kikumbuke daima kurudisha ukuzaji kwenye mara 1 kabla ya kuanza kutembea.

Hapana budi ikumbukwe kwamba darubini iliyo njema kupita zote hufika baada ya maafa. Kinga ya kweli ni kupunguza nguruwe mwitu mashambani, kujenga madungu yaliyoinuka na yenye kuta imara, na kutotembea peke yako saa za mwanzo za usiku, hasa siku zile ambazo mwezi unachelewa. Bunduki ni dawa ya mwisho. Lakini dawa ya mwisho nayo yapasa kuchaguliwa kwa elimu.

Walimu wa fizikia wanayo hapa nafasi njema. Somo la lenzi hufundishwa mara nyingi kwa mshumaa na karatasi nyeupe, na mwanafunzi huondoka akidhani kwamba kanuni hizo huishia katika mtihani. Mwalimu wa Kilwa aweza kuuliza darasani: mtu wa makamo alindaye shamba la ufuta jioni, mwenye mboni ya milimita 5, atafaidi nini kwa darubini ya lenzi ya milimita 24 kwenye mara 2, mara 4 na mara 6? Mwanafunzi atakayepata jawabu atakuwa amejua pia kwamba chombo hakipimwi kwa namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwake. Hupimwa kwa kazi, kwa mahali, na kwa jicho la mtu atakayekitumia. Taifa linalonunua vyombo vyake kwa kipimo hicho, viwe vya maabara, vya hospitali au vya ulinzi wa wakulima, halitauziwa sifa badala ya manufaa.