Kidonda cha mdomo si cheti cha ngoma

Wadau, nimerudi chuo salama. Likizo nilikuwa nyumbani Namtumbo. Baridi ya Julai ilinitesa kweli, lakini kilichoniuma zaidi ni midomo ya watu.

Mdogo wangu aliugua malaria. Homa iliposhuka, akatokwa na vilengelenge pembeni mwa mdomo. Mama akasema "hiyo homa inatoka", kama tulivyozoea kusikia. Majirani wakasema lao: "Huyo tayari." Bombani wakaanza kumkwepa, na yeye kwa aibu akaacha kwenda kwaya. Hapo ndipo nilipokasirika.

Jamani, tuelewane. Vilengelenge vile huletwa na kirusi cha herpesi aina ya kwanza. Siyo kirusi cha ukimwi! Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 3.8 wenye umri chini ya miaka 50 wanacho, yaani karibu wawili katika kila watatu. Wengi walikipata utotoni, pengine kwa busu la shangazi tu. Kikishaingia hujificha kwenye mishipa ya fahamu. Siku ukipata homa, jua kali, baridi au presha ya UE, kinaamka. Kwa hiyo mama hakukosea sana.

Tiba je? Mara nyingi kidonda hupona chenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Ukihisi tu mdomo unawasha, dawa ya asaiklova ikianza mapema hupunguza siku za kuugua, ingawa haikiondoi kirusi mwilini. Ule unga wa rangi mbili tunaopaka haufui dafu, maana ni dawa ya bakteria. Usikitumbue, usikishike halafu ukajishika macho. Mpaka kipone, kikombe chako kiwe chako, na usibusu mtoto mchanga.

Sisemi watu wasipime. Kidonda kikikaa zaidi ya wiki mbili, kikisambaa au kikirudi kila mara, nenda hospitali, na VVU upime pia. Lakini majibu yatoke maabara, siyo bombani.

Mdogo wangu alipona siku ya tisa. Kwaya hajarudi mpaka leo. Nasi huku hosteli si tunacheka wenzetu vile vile? Tuache.

Haya, nakimbia, kipindi cha saa nane kinaanza.