TUJUE INCHI YETU: Kasenga, bandari iliyolisha migodi

Nyinyi wa kambi za migodi munajua shaba inatoka wapi. Lakini samaki aliyelisha wachimbaji wa shaba, munajua alitoka wapi? Wengi walipita Kasenga.

Kasenga iko kandokando ya mto Luapula, karibu kilometa 200 toka Lubumbashi. Ngambo ya pili ni Zambia. Zamani za Wabelgiji, Union Minière ilikuwa inaita wafanyakazi kwa maelfu, na ilipashwa kuwapa posho: unga, pamoja na kitu cha kulia ule unga. Njo vile wafanya biashara Wagiriki walikuja kukaa Kasenga. Walitumia mashua za mashini, wakatia samaki ndani ya barafu, na kamyo zikawapeleka mpaka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo.

Samaki wa sifa wakati ule alikuwa mpumbu. Kila mwaka, mvua ikinyesha na maji yakijaa, mpumbu walipanda Luapula makundi kwa makundi kwenda kutaga mayai. Kwa muvuvi ilikuwa rahisi: hapana kutafuta samaki, samaki mwenyewe anakuja. Basi watu walitega nyavu paka pale, katika njia ya mayai. Kila samaki jike aliyenaswa alikufa pamoja na maelfu ya mayai tumboni.

Kufika mwisho wa miaka ya 1940, mpumbu walipunguka sana. Yale makundi makubwa hayakurudi tena. Wavuvi waligeukia mapale wa ziwa Mweru, na nyuma yao chisense, wale wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani.

Sisi watu wa migodi tufikiri vizuri hapa. Shaba haizae. Ukiichimba, shimo njo linabaki. Lakini samaki anazaa, wala haombe mushahara. Anaomba paka miezi michache ya kumuacha. Upande wa Zambia, uvuvi unafungwa tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari. Mto ni mumoja, na samaki hajue mupaka.

Vijana, wengine kati yenu wakikosa kazi wanaenda kuvua. Ni kazi ya heshima. Lakini chandarua cha mbu si wavu: kinakokota hata vitoto vya samaki ambavyo havijajaza kiganja. Na mutu akikuambia, «Nisipovua mimi, mwengine atavua», umukumbushe habari ya mpumbu. Kila wavu ulikuwa mudogo mbele ya mto. Zote pamoja njo zilifunga njia.

Mama zetu wa soko, nanyi muko na nguvu. Samaki asiye na munuzi, hakuna atakayemuvua.

Leo jioni muulizeni mzee wa nyumbani kama alisikia wazazi wake wakisimulia mpumbu. Kisha mujiulize: wajukuu wenu watasimuliwa samaki gani, na watakula gani?